Sindano ya kila Jumapili

Nilipungua kilo 17 kwa miezi kumi na mmoja, na katika mwaka uliofuata zikanirudia kilo 11. Hesabu hii naitanguliza kwa sababu wengi wanaosimulia habari za kupunguza mwili husimulia wakiwa bado wamepungua, na msomaji huondoka akidhani kwamba mambo yaliishia hapo. Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa jijini Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nikiwauzia watu wenye umbo kama langu dawa za presha na za sukari, huku mimi mwenyewe nikimeza za kwangu alfajiri kabla ya kwenda kufungua duka. Kabla sijajidunga sindano ya kwanza ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, nilikwisha kusoma kwamba uzito hurudi dawa inapoachwa. Nilisoma kama wasomavyo wataalamu, yaani nikiamini kwamba waliohesabiwa mle ni watu wengine.

Nimezaliwa na kukulia Tanga, katika nyumba ambayo unene haukuwahi kutajwa kama ugonjwa. Mtu aliyeongezeka mwili aliambiwa amenawiri, mwanamke aliyenenepa baada ya kuolewa alisifiwa kwamba ndoa imemkubali, na mzazi aliyetoka kujifungua aliletewa uji wa pilipili manga na supu kwa siku arobaini mpaka nguo zake za zamani zikakataa kuingia. Mimi nilikuwa mnene tangu darasa la tatu, na kwa watu wazima hilo lilikuwa ushahidi kwamba kwetu kunaliwa. Ni watoto wenzangu tu walioniita bonge. Kisha ikaja miaka ya 1990. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wameupa UKIMWI jina la Slim, kwa namna ulivyomaliza mwili, na huku kwetu mtu alipoanza kukonda watu walinong'ona kwamba amekanyaga waya. Mjomba wangu alikonda kwa mwaka mmoja na nusu, na siku ya maziko waliobeba jeneza walitazamana kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Tangu hapo, katika familia yetu mwili uliojaa ni cheti cha afya. Anayeshangaa kwa nini ushauri wa kupunguza uzito hauingii masikioni mwa watu wa rika la mama yangu aanzie kwenye maziko kama yale kabla hajafika kwenye sahani ya wali.

Nilipofikisha miaka 41 nilikuwa na kilo 109 kwa urefu wa sentimita 162. Uwiano wa uzito na urefu, ule unaoandikwa BMI, ulizidi 41, wakati kiwango kinachohesabiwa kuwa unene wa kupindukia huanzia 30. Presha ilikuwa haishuki kwa dawa mbili, magoti yalilalamika kwenye kila ngazi, na mume wangu alikuwa ameanza kuniamsha usiku kwa hofu, kwa sababu nilikoroma, nikanyamaza, nikakaa sekunde kadhaa bila pumzi. Nikaenda hospitali ambayo sitaitaja. Muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia presha ambao haukuutosha mkono wangu, akaulazimisha mpaka ukashika kwa ncha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha kuwa juu kuliko ilivyo, kwa hiyo hata namba iliyoandikwa kwenye kadi yangu siku ile haikuwa ya kutegemewa. Daktari aliitazama kadi kuliko alivyonitazama mimi, akasema, "Dada, funga mdomo, tembea," akaita mgonjwa mwingine. Nilikaa ndani kwa dakika mbili, pengine pungufu. Kilichoniuma zaidi nilikitambua nikiwa njiani kurudi: maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya haraka, nilikuwa nimewaambia wateja wangu kwa miaka mingi wakati nikiwafungia dawa.

Ushauri wa kufunga mdomo unachukulia kwamba mwili ni gunia, kwamba ukilitilia kidogo litapungua na kubaki hivyo. Mwili haukubali kirahisi. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa karibu nusu kwa miezi sita, ili ajifunze namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana hao hawakuwa wanene hata kidogo. Walianza kuota chakula, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na walipofunguliwa baadhi yao walikula kwa wiki nyingi bila kuhisi kwamba wameshiba. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha habari za watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, baada ya kuwapima upya miaka sita tangu shindano lilipokwisha. Watu 13 kati yao walikuwa wameongezeka tena. Lakini la kushtua zaidi ni kwamba miili yao ilikuwa ikiunguza karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito huo. Hiyo ni takriban sahani moja ya wali na maharage ambayo mwenzako wa kilo zile zile anaila na wewe huruhusiwi. Mwili ulikuwa umebana matumizi kama mama mwenye nyumba aliyepunguziwa pesa ya sokoni, na miaka sita baadaye ulikuwa bado haujaamini kwamba hali imetulia.

Nani anayeufundisha mwili ubahili huo? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alipotangaza kwamba amelipata jeni ambalo likiharibika humfanya panya ale bila kikomo. Jeni hilo hutengeneza homoni iliyoitwa leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuupelekea ubongo habari kwamba akiba ipo, usihangaike. Panya wale walipochomwa leptini walikonda, na ulimwengu ukadhani kwamba dawa imepatikana. Haikuwa hivyo: ilibainika kwamba watu wengi wanene wana leptini nyingi tayari, ila ubongo wao umekuwa kama mtu aliyezoea kelele za barabarani, hausikii tena. Hata hivyo walikuwapo wachache waliokosa leptini kabisa. Huko Cambridge, Uingereza, Stephen O'Rahilly, Sadaf Farooqi na wenzao walieleza mwaka 1997 habari za watoto wawili, binamu, waliokuwa na njaa isiyotulizwa na chochote. Matibabu ya leptini yalipoanza, hamu ya kula ilishuka na uzito ukafuata. Wagonjwa wa namna hiyo wanahesabika duniani. Lakini baada ya watoto wale, mtu anayesema kwamba ulaji ni suala la tabia peke yake anapaswa kueleza ni tabia gani inayorekebishwa kwa sindano ya homoni.

Hapa niseme neno juu ya woga wetu wafamasia, kwa maana tuna sababu ya kuogopa maneno "dawa ya kupunguza mwili". Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wafanyakazi wa viwanda vya baruti vya Ufaransa walioshika kemikali ya dinitrofenoli walitokwa na jasho, wakapungua uzito, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitangaza kemikali hiyo kuwa tiba ya unene, na kabla haijapigwa marufuku Marekani mwaka 1938 ilikuwa imewaletea watu mtoto wa jicho na kuwaua wengine kwa joto la miili yao wenyewe. Zikaja amfetamini, ambazo huondoa njaa pamoja na usingizi na utulivu wa akili. Ikaja fenfluramini, iliyotolewa pamoja na dawa nyingine kwa Wamarekani wengi sana, hadi mwaka 1997 madaktari walipoeleza habari za wanawake 24 waliokuwa wakiitumia wakapata kasoro kwenye vali za moyo. Ikaondolewa sokoni mwaka huo huo. Rimonabanti iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 na kusimamishwa mwaka 2008 kwa sababu ya huzuni kali na mawazo ya kujiua. Sibutramini iliondolewa mwaka 2010 kwa sababu ya shambulio la moyo na kiharusi, na lorkaserini mwaka 2020 kwa hofu ya saratani. Miongoni mwa zilizosalia ni orlistati, ambayo huzuia mafuta ya chakula yasifyonzwe. Mafuta hayo hutoka kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuikisia, tena bila kupiga hodi, na sikumbuki mteja wangu hata mmoja aliyerudi kununua boksi la pili.

Sibutramini yenyewe haijazikwa sawasawa. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi ndani ya chai, kahawa na vidonge vya "asili" vya kukata kitambi ambavyo karatasi yake haiitaji. Kila mwezi napata mtu anayenionyesha kwenye simu pakiti ya chai ya namna hiyo na kuniuliza kama ina madhara, kwa kuwa moyo unamwenda mbio tangu aanze kuinywa. Huwa namjibu kwamba chai ya kweli haikatishi njaa ya siku nzima, na kwamba kinachofanya hivyo ndani ya pakiti ile ni kitu ambacho muuzaji hakukitaja.

Dawa ninayoizungumzia mimi ilitoka njia nyingine kabisa, njia ya sukari. Katika miaka ya 1980 watafiti kadhaa, miongoni mwao Svetlana Mojsov na Joel Habener wa Boston na Jens Juul Holst wa Copenhagen, waliitambua homoni iitwayo GLP-1, ambayo hutolewa na utumbo tunapokula. Huliamsha kongosho litoe insulini pale tu sukari ya damu inapokuwa juu, hulichelewesha tumbo lisimwage chakula upesi, na huuambia ubongo kwamba inatosha. Shida yake ni kwamba mwili huivunja ndani ya dakika mbili hivi. Msaada ukatoka mahali pasipotazamiwa: daktari John Eng, akifanya kazi katika hospitali ya wapiganaji wa zamani huko Bronx, aligundua ndani ya sumu ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani, mnyama anayekula milo michache kwa mwaka, kitu kinachofanana na homoni hiyo na kinachodumu zaidi. Kutokana nacho ikapatikana dawa ya kisukari iliyoruhusiwa mwaka 2005. Huko Denmark, Lotte Bjerre Knudsen na wenzake wa Novo Nordisk walifuata njia yao, wakaiunganisha homoni na asidi ya mafuta ili ijishikize kwenye protini ya damu. Ikatoka liraglutaidi ya kila siku, kisha semaglutaidi ambayo hubaki mwilini muda wa kutosha kuchomwa mara moja kwa wiki.

Matokeo ya semaglutaidi kwa unene yalichapishwa mwaka 2021. Watu 1,961 walishiriki kwa wiki 68, wote wakipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Naomba msomaji airudie hiyo namba ya pili. Hao ni watu waliosaidiwa na wataalamu, wakapimwa, wakafuatiliwa, wakajitahidi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwili ukawaruhusu asilimia 2.4. Mwaka uliofuata tirzepataidi ya kampuni ya Eli Lilly, inayoiga homoni mbili kwa pamoja, ilifikisha karibu asilimia 21 kwa dozi ya juu, kiwango ambacho zamani kilisikika kwenye upasuaji wa tumbo tu. Na mwaka 2023 jaribio la watu 17,604 wenye maradhi ya moyo na mishipa, wasio na kisukari, lilionyesha kwamba semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi vikijumlishwa pamoja. Kwangu mimi jaribio hilo la mwisho ndilo lililovunja ukimya, kwa sababu hata anayeuona unene kuwa suala la urembo hawezi kusema hivyo kuhusu kiharusi. Nina kinyongo kimoja nalo: watu weusi walikuwa wachache mno ndani yake, na ni sisi tutakaoambiwa baadaye kwamba ushahidi kwa wagonjwa wa aina yetu hautoshi.

Nilianza semaglutaidi kwa dozi ndogo kabisa, kwa cheti cha daktari mwingine, mama mmoja mtulivu aliyenipima kwa mkanda mpana na kuniuliza habari za usingizi wangu kabla ya habari za chakula. Nilichagua Jumapili kwa sababu duka hufungwa mapema. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kichefuchefu, na sikushangaa, kwani katika jaribio la semaglutaidi la 2021 zaidi ya watu 40 kati ya kila 100 walikipata. Choo kikafunga. Katika wiki ya tano nilialikwa kwenye harusi Magomeni, nikapakuliwa pilau, nikala kiasi cha nusu sahani, kisha nikaweka kijiko chini na kuendelea kuzungumza. Baada ya dakika kama kumi ndipo nilipogundua kwamba sahani ipo mbele yangu na mimi siitazami. Sina hakika kama aliyezaliwa na shibe ataelewa. Maisha yangu yote kulikuwa na mtu kichwani mwangu akinihesabia kilichobaki jikoni, kilichobaki kwenye bakuli, kitakachopikwa kesho, na siku ile alikuwa amenyamaza. Wahenga waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa walikuwa wanawasema matajiri na maskini, lakini tangu siku ya Magomeni nimeusikia msemo huo kwa namna nyingine. Daktari aliyeniambia nifunge mdomo alikuwa mwenye shibe.

Sitaki kuipamba dawa. Sehemu ya kilo zinazopotea ni misuli, na kwa mwanamke wa umri wangu misuli ikienda hairudi kirahisi. Nililazimika kujifunza kula mayai, dagaa na kunde hata nisipotaka, na kunyanyua madumu ya maji ya lita tano nyumbani. Anayepungua haraka yumo katika hatari ya mawe kwenye nyongo. Wajawazito hawapaswi kuitumia, na anayepanga kubeba mimba anatakiwa kuiacha miezi kadhaa kabla. Lakini presha yangu ilishuka mpaka daktari akaniondolea dawa moja, na mume wangu akalala usiku kucha.

Wakati huo huo ndipo maswali yalipoanza. Mteja wangu wa siku nyingi aliniinamia kaunta na kuninong'oneza, "Dokta, pole, unaumwa?" Mwenye duka la jirani aliacha kunitania. Mama alipiga simu kutoka Tanga baada ya kutumiwa picha za Magomeni, akazungumza habari za mvua, za bei ya nazi, kisha akanyamaza na kusema, "Mwanangu, umepima?" Nikamwambia nimepima, sina kitu, ni dawa ninayotumia. "Dawa ya nini?" Nikajibu ya unene. Alikaa kimya muda mrefu, na najua kwamba hakuniamini, kwa sababu mjomba naye alisema kwamba ana malaria sugu.

Niliacha mwezi Desemba. Sindano za mwezi mmoja zilikuwa zinakula zaidi ya theluthi ya mshahara wangu. Bima yangu haikutambua unene kuwa ugonjwa wa kulipiwa, ingawa ililipia bila swali dawa za presha na ingelipia figo zikifa. Mgao wangu wa mchezo wa akina mama ulikuwa umekwenda wote kwenye sindano, na Januari ni mwezi wa ada. Njaa ilirudi katika wiki ya tatu, taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba. Jaribio la semaglutaidi liliwafuatilia baadhi ya washiriki baada ya kuacha dawa, na baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudishiwa theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Theluthi mbili ya 17 ni 11 na ushei.

Kuna wanaosema kwamba hilo linathibitisha kuwa dawa haifai. Kila wiki nakutana na mteja aliyeacha dawa ya presha kwa sababu alipimwa akaambiwa iko sawa, kisha akarudi ikiwa 180. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba dawa ya presha ni ya uongo kwa sababu haifanyi kazi ukiwa huimezi. Unene wa kupindukia ni maradhi ya muda mrefu, Chama cha Madaktari wa Marekani kiliutamka hivyo rasmi mwaka 2013, na maradhi ya muda mrefu hutibiwa kwa muda mrefu. Swali zito, kwa nchi kama yetu, ni nani atalipa kwa muda mrefu. Wegovy, yaani semaglutaidi ya unene, ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2021 bei yake iliyotangazwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi.

Bei hiyo inanikumbusha nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mjomba alipokuwa chini ya ardhi tayari, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na wakubwa wa dunia walisema waziwazi kwamba Waafrika hawataziweza. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba italiuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Leo nawafahamu watu wanaomeza vidonge hivyo kwa miaka ishirini, bure, kwa kadi ya kliniki, na ni wanene kuliko mimi. Ulinganisho huu una mipaka, kwa maana unene hauui kwa kasi ile na sindano inahitaji friji wakati kidonge hakihitaji. Lakini njia ya bei kushuka ni ile ile. Hataza za semaglutaidi, yaani haki za kampuni kuitengeneza peke yake, katika nchi kadhaa, India na China zikiwamo, zilipangwa kumalizika mwaka 2026. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili la GLP-1 kwenye orodha ya dawa muhimu mwezi Septemba 2025, kwa wenye kisukari cha ukubwani walio pia na maradhi ya moyo au figo pamoja na unene. Na Desemba mwaka huo likatoa mwongozo unaozipendekeza kwa matibabu ya muda mrefu ya unene kwa watu wazima wasio wajawazito, kwa masharti, kwa sababu ya bei, uhaba wa ushahidi wa miaka mingi, na udhaifu wa mifumo ya afya.

Udhaifu huo wa mifumo naujua kwa majina ya vitu: mkanda wa presha usiotosha, mizani inayoishia kilo 120, kliniki ya sukari inayofunguliwa siku moja kwa wiki. Wizara zetu zilijengwa kupambana na utapiamlo, na kwa haki. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na utafiti huo huo ukakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kenya, mwaka 2014, wanawake hao walikuwa 33. Mara nyingi ni nyumba moja: mama mnene, mtoto aliyedumaa, na chipsi mayai ya jioni ambayo ni nafuu kuliko mboga na samaki.

Upasuaji upo, na kwa wenye unene mkubwa bado ndio tiba inayodumu kuliko zote. Huko Sweden wagonjwa zaidi ya 4,000 walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 11, na waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Hapa nyumbani Muhimbili, kwenye tawi la Mloganzila, wameanza katika miaka ya karibuni kuweka puto tumboni, na watu walipanga foleni. Puto huondolewa baada ya miezi, na njaa niliyoielezea haikai tumboni peke yake. Nisingependa mtu auze kiwanja kwa ajili yake akidhani amenunua tiba ya maisha.

Palipo na uhitaji na bei kubwa, matapeli hawachelewi. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kabla ya hapo huko Austria watu walikuwa wamelazwa hospitalini kwa kushukiwa kutumia kalamu bandia za sindano hiyo. Mwaka jana binti mmoja alinijia na kalamu aliyoinunua kwenye kundi la WhatsApp, lebo yake imejikunja pembeni, akitaka nimwonyeshe namna ya kujidunga. Sendofu yake ilikuwa baada ya wiki sita. Hakuwa mnene. Nilikataa, tukazungumza karibu nusu saa, akaondoka na kalamu yake, na sijui kama aliitumia.

Mimi bado sijarudi kwenye sindano. Nasubiri bei, natembea, nakula dagaa wangu, na dawa ya presha iliyokuwa imeondolewa imerudishwa. Sikukuu ya Idi nilikwenda Tanga. Asubuhi kabla ya safari nilijipima, kwa mkanda mpana niliojinunulia, nikakuta 158 kwa 96. Mama alinipokea barazani, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa vidole vyote, akaubonyeza kama anayechagua parachichi sokoni. Uso wake wote ukalegea. "Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu sasa umerudi." Kisha akaniita ndani, akanipakulia.